Nilichokificha chini ya putty ya kioo cha Swaleh

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye stima na waliopotezewa stima.

Hii kitu nimekaa nayo karibu miaka thelathini. Mke wangu anajua nusu tu. Leo naitoa yote kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga, na pale ni pengi.

Kilichonisukuma ni video ambayo jamaa mmoja aliweka humu juzi. Anapiga kioo cha hoteli kwa nyundo, kile cha kupinda, watu wanashangilia, comments zote ni kucheka. Mimi nilizima simu nikatoka nje kupunga hewa.

Naitwa Ochieng'. Ni fundi wa vioo. Kazi nilifundishwa Migori na mzee mmoja tuliyemwita Jaduong' Were. Jaduong' ni mzee kwa Kijaluo. Alikuwa na kibanda cha vioo vya magari na madirisha, nikakaa kwake miaka minne. Halafu kichwa kikawa kikubwa, nikaona nimeiva, nikahamia Homa Bay kujitegemea.

Hii ni miaka ya tisini, katikati hivi. Simu ya mkono tulikuwa tunaisikia tu.

Pale Homa Bay kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, Swaleh, mtu wa Mombasa. Duka lake lilikuwa la kona, barabara mbili zinapokutana. Akataka ile kona yote iwe kioo kimoja, kimepinda, tumbo likiangalia nje, ili watu waone kanga na suti kutoka kila upande.

Town nzima hakukuwa na kitu kama hicho. Hata maofisi yalikuwa na vioo bapa tu, vingine vimezibwa na katoni. Nilipopewa hiyo kazi nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ndani ya hilo tumbo la kioo, Swaleh alipanga kuweka kiti cha mamake.

Bi Rukia, lakini sote tulimwita Bi Mkubwa. Magoti yake yalikuwa mabovu, na macho yalikuwa yamefifia, haoni vizuri kupita mkono wake. Lakini alipenda jua, na alipenda kusikia barabara. Na mdomo alikuwa nao! Nikisema "hiyo kioo imekuja," ananikatiza hapo hapo:

"Ochieng' we! Kioo hicho kimekuja. Kiswahili chako kina miiba kama samaki ngege."

Hiki Kiswahili mnachokisoma, pale kiliponyooka, aliyekinyoosha ni yeye. Alinipenda. Kila nikifika lazima ninywe chai kwanza ndio nishike kazi.

Sasa kidogo kuhusu hicho kioo, ndio mnielewe. Kilikuwa tempered. Kinachomwa kiwandani kikishapindwa, kinapozwa ghafla, na hapo ndipo kinapata nguvu. Ubaya wake ni kwamba hukikati tena wala hukitoboi. Kinakuja na saizi yake. Ukikosea kipimo, umekosea.

Na mimi nilikosea kwa sababu ya mbuzi.

Msicheke bado. Jaduong' Were alikuwa anachora kona kwa kamba ya katani. Unapiga msumari sakafuni, unafunga fundo penye kipimo, unazungusha na kipande cha makaa. Kamba yake aliitundika juu ya jiko, na mtu akiigusa ni matusi mpaka jioni. Mimi nilidhani ni uzee tu unamsumbua.

Nilichora mara ya kwanza, kipimo kikatumwa Nairobi, kioo kikaanza kutengenezwa. Wiki kadhaa baadaye fundi wa kuchomelea akataka nimchoree tena, apinde chuma cha fremu. Nikatafuta kamba yangu nikaikuta shingoni mwa mbuzi. Swaleh alikuwa ameletewa mbuzi wa sherehe ya kufungua duka, mtu akaokota kamba yangu akamfungia, na mbuzi akanyeshewa usiku kucha.

Nikamfungua mbuzi. Nikaikamua kamba, nikachora. Fundo lilikuwa lile lile, moyo ukatulia.

Wakuu, katani ikilowa inajikaza. Inakuwa fupi. Kila mtu aliyewahi kufunga kamba ya kuanikia nguo anajua hivyo. Hata mimi nilijua. Sikufikiria tu.

Fremu ikatoka imepinda kuliko kioo. Vidole viwili, si zaidi.

Siku ya kuweka kioo nilikuwa na wanaume wawili wa mkokoteni kunisaidia kubeba. Kioo kikakataa kuingia. Ncha zinabana, katikati inaelea. Mtu mwenye akili angekirudisha chini, akamwita fundi wa chuma, akamwambia nimekosea tuanze upya. Lakini sherehe ilikuwa kesho yake, na Swaleh alikuwa amesimama pale na wageni wake, akiwaambia huyu ndiye fundi wangu.

Nikawaambia wale wawili, "Sukumeni polepole."

Kikaingia. Kilipoingia, kona ya chini kushoto nikasikia *tk*.

Nikainama. Kipande cha ukingo kilikuwa kimemeguka, kadogo, kama punje ya mahindi. Tena pale pale kioo kilikuwa kimekalia chuma kitupu, kwa sababu nafasi ya kuweka raba haikupatikana.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi ndani kwenye kiti chake. Macho hana, lakini masikio! Akauliza, "Ochieng', nini hicho kimelia?"

Nikasema, "Ni putty tu, Mama. Imebonyea."

Nikachota putty, ule udongo wa kushikishia vioo, nikapaka. Nikafunika na ubao wa kushikilia, nikakaza skrubu, nikapaka rangi. Ikatoka safi mpaka mwenyewe nikaangalia nikajiambia, hakuna kitu hapo.

Kesho yake sherehe. Mnajua vile watu wetu walivyo na kazi ya fundi. Seremala akileta kiti, lazima akikalie kwanza. Fundi wa geti lazima aning'inie kwenye geti lake watu wakimwona. Basi pilau ilipoliwa, mtu akapiga kelele, "Fundi apige kioo chake tuone!" Wakaitikia wote. "Piga! Piga!"

Hapo ndipo woga uliponiingia mara ya kwanza. Nilikuwa najua kilichoko chini ya ile putty, peke yangu katika watu wote wale. Na Bi Mkubwa ameketi upande wa pili, anacheka, shanga zake za tasbihi mkononi.

Nilipiga ngumi. Kioo kikavuma, *mmmm*, kikatulia. Watu wakashangilia. Mimi nikaenda nyuma ya duka nikatapika pilau yote.

Nilidhani imeisha. Kumbe Swaleh alikuwa ameona biashara. Tangu siku hiyo kila siku ya soko alisimama nje akiita watu: "Karibuni! Kioo hakivunjiki hiki! Anayebisha apige, soda juu yangu!" Watu wakapanga laini. Wauza mahindi kutoka Rodi Kopany, makanga wa Oyugis, kila mtu na ngumi yake. Mmoja alipiga kwa boga. Boga likapasuka, kioo kikabaki, na hiyo ikawa hadithi ya mji mwezi mzima.

Na kila pigo, Bi Mkubwa alikuwa nyuma yake, kama mkono mmoja hivi kutoka kwenye kioo.

Nitawaambia ukweli, niliishi vibaya. Nikawa napita njia ya nyuma nisikione. Bati likigongwa mahali, roho inaruka. Mlango ukijibamiza nasimama nasikiliza kama kuna mtu anapiga mayowe. Mara kumi nilienda pale nikiwa nimejipanga, leo namwambia Swaleh. Nikifika, ananishika bega mbele ya wateja, "Fundi wangu huyu!" nami nacheka nao, naondoka. Ningepoteza jina. Nilijidanganya kwamba kila siku inayopita bila kuvunjika ni dalili kimepona. Kama kwamba kioo kinapona, wakuu.

Karibu miezi miwili ikapita hivyo.

Siku moja Bi Mkubwa akatuma niitwe. Nikafika, chai iko tayari. Akaniambia, "Kioo chako zamani kikipigwa kilikuwa kikiimba. Siku hizi kinasaga meno."

Nikajifanya napuliza chai.

"Tena hebu nipe mkono." Akapitisha kidole chake pale chini, kona ya kushoto, juu ya ubao, akaniwekea kiganjani. Vichembe vyeupe. "Chumvi gani hii, mwanangu? Kila siku ya soko naifuta, kila siku ya soko inarudi."

Ilikuwa unga wa kioo.

Chai sikuimaliza. Asubuhi yake nilipanda gari la kwanza mpaka Rongo, nikabadilisha, nikafika Migori jua likiwa bado halijakaza. Nilimkuta Jaduong' Were kibandani kwake akikata kioo cha fremu ya picha. Nikamweleza yote, kamba, mbuzi, punje ya mahindi, putty. Hakunitukana. Hapo nikaogopa zaidi, kwa sababu mzee huyo alikuwa na matusi ya kila kosa.

Akaenda nyuma akaleta kioo cha nyuma cha gari. Tempered pia, na kimepinda. Akakilaza mchangani, tumbo juu. Akachukua nyundo akapiga katikati, nyundo ikaruka ikarudi. Akapiga tena kwa nguvu. Hakuna kitu.

"Hiki ndicho watu wanaona," akasema. "Kioo bapa ukikipiga kinabonyea kidogo, kinameza pigo. Kilichopinda hakibonyei, nyathina, mwanangu. Tumbo linasukuma pigo kwenye ncha. Unapiga katikati, lakini anayeumia ni ukingo. Hicho chako ukingo wake uko kwenye chuma. Kila ngumi ya huko nje, ni nyinyi mnaupigilia kwenye chuma."

Halafu akatufunika nyuso kwa gunia, akaacha mkono wake tu nje. Akachukua msumari, akaugongesha ukingoni, kapigo kadogo tu kama ka kugonga mlango wa jirani.

PAA!

Nilipotoa gunia, kioo hakikuwepo. Kulikuwa na rundo la punje, na zilikuwa bado zinalia, *tik tik tik*, zinaendelea kupasuka zenyewe pale mchangani.

Nikauliza, "Changu kitapasuka lini, Jaduong'?"

"Leo. Au mwaka ujao. Mimi nitajuaje?" Kisha akaniangalia. "Nani anakaa nyuma yake?"

Nikamwambia ni mama mzee, haoni vizuri, na uso wake uko hapa, kioo kiko hapa.

Mzee aliacha Kiswahili. Aliniambia neno moja tu, "Dhi." Nenda.

Sijui nilirudije. Nakumbuka tu nikishuka Homa Bay kuna watu wengi, nikakumbuka ni siku ya soko.

Kwa mbali nikasikia sauti ya Swaleh. Nikakimbia. Mbele ya duka kulikuwa na umati, na katikati amesimama mvuvi mmoja, mtu wa Muhuru Bay, amekuja kununua vitambaa vya harusi. Jamaa mpana kama mlango, na amebeba kasia jipya alilonunua sokoni. Swaleh anamwambia, "Ngumi wamechoka nazo. Piga kwa hilo! Ukikivunja, chukua doti mbili za kanga!"

Niliingia kwa mlango wa pembeni. Nikapiga magoti kwenye kiti cha Bi Mkubwa.

"Mama, toka hapa."

"Aa! Salamu zimekwenda wapi? Nitoke niende wapi, na jua ndio limefika magotini?"

"Mama, siku ile uliniuliza nini kimelia. Haikuwa putty. Kioo kilimeguka nikakificha. Ile chumvi ni kioo. Kitapasuka, Mama, na wewe uko hapa."

Bi Mkubwa akanigeuzia uso. Nje watu wanahesabu, "Moja!"

Akasema, "Nilijua umenidanganya. Nilikusikia sauti. Sikujua umenidanganya juu ya roho yangu."

Wakuu, nimetukanwa na watu wengi maishani. Hakuna neno limewahi kuniingia kama hilo.

"Mbili!"

"Nishike mkono," akasema. Akainuka taratibu, magoti yakilia, shanga akaziacha kitini. Tukatoka nje, na Bi Mkubwa akainua sauti ambayo sijui aliificha wapi mwili ule mdogo. "Swaleh! Mwambie huyo mtu ashushe mti wake!"

Mvuvi akashusha.

"Ochieng'," akasema, "sema."

Nikasema mbele ya soko zima. Nilisema yote, mpaka mbuzi. Na mnajua walifanya nini? Walicheka. "Fundi anaogopa kazi yake mwenyewe!" Mtu mmoja akalia kama mbuzi, wakaangua kicheko upya. Swaleh alibadilika rangi. Akaniambia, "Mama yangu amezeeka, nawe unamtia hofu mbele za watu." Akageuka, akapiga kioo kwa kiganja mara tatu, *pa, pa, pa*.

Mimi nilijitupa chini mikono kichwani. Hakuna kitu kilichotokea. Kioo kikabaki kinang'aa tu, na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Nakiri hapa, wakati ule niliomba kivunjike. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa.

Swaleh akasema, "Mama, rudi ukae." Bi Mkubwa akasema hapana. Akavuka barabara akinishika mkono, akaketi kwenye kreti ya soda katika baraza ya fundi cherehani, akaagiza chai. Swaleh akafunga duka kwa hasira akaenda kuswali alasiri. Watu wakatawanyika. Nikabaki nimesimama kando ya yule mama kama mtu anayengoja hukumu.

"Na kama umekosea?" akaniuliza.

"Nitahama mji, Mama."

"Na kama hukukosea?"

Nikaangalia kile kiti chake ng'ambo ya barabara.

Mvua ikaja, ile ya ghafla ya kutoka ziwani. Kioo kilikuwa kimeota jua tangu asubuhi. Maji yakaanza kukipiga, na chuma cha fremu kikaanza kulia, sauti nyembamba. Bi Mkubwa akainua kichwa. Alisikia kabla yangu.

Kikapasuka chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Mlio ulikuwa wa bunduki, na fundi cherehani akalala chini ya mashine yake. Kwa muda mfupi kioo kilibaki kimesimama, cheupe chote kama kimemwagiwa maziwa. Kisha kikaanguka.

Watu hudhani tempered inakuwa punje tu, haina madhara. Kilichopinda hakianguki punje punje. Mabonge yalishikana, mazito kama sukari nguru, yakaingia ndani kwa juu. Bonge moja lilitua kwenye kiti na kuvunja mgongo wake. Pale ambapo kichwa cha Bi Mkubwa huegemea hapakuwa na kitu tena. Shanga zake hazikuonekana, zilikuwa chini ya kioo.

Swaleh alirudi kanzu imelowa. Akasimama akaangalia kile kiti. Akavuka barabara, akamshika mamake uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu, akampapasa macho, akaanza kulia kwa sauti mbele ya watu wote.

Mimi hakuniangalia, na hakuniongelesha mwaka mzima. Alikuwa na haki.

Lakini Bi Mkubwa alituma niitwe wiki iliyofuata. Nikaenda nikijua nakwenda kulaaniwa. Nikakuta chai. Kando ya kikombe changu kulikuwa na kikombe kingine, kidogo, cha kahawa, kimejaa punje za kile kioo. Nikamwangalia.

"Chumvi yako hiyo," akasema. "Kunywa chai."

Na kila mara nilipokwenda kumsalimia, miaka yote mpaka alipofariki, kile kikombe kiliwekwa kando ya chai yangu. Hakuwahi kukitaja tena. Tuliongea habari za magoti, za bei ya ngege, ananisahihisha Kiswahili, na kikombe kiko pale.

Alipofariki, Swaleh mwenyewe alikuja karakana yangu. Hakukaa. Aliweka kikombe mezani akasema, "Mama alisema hiki ni chako." Kiko hapa mbele yangu ninapoandika.

Nilichojifunza si habari ya kamba, ingawa kamba yangu siku hizi iko juu ya jiko. Nilijifunza kwamba kitu kinaweza kupigwa kifuani miezi miwili kisitikisike, na bado kikawa kimekwisha kuanzia ile dakika ulipokifunika. Siku hizi nikisikia *tk*, nakitoa. Hata kama bibi harusi yuko mlangoni.

Karibuni mseme, wakuu, matusi nayapokea. Ila kama wewe ni fundi, daktari, dereva, yeyote, na kuna kitu ulikifunika na mtu anakaa nyuma yake leo, usinijibu kwanza. Nenda kamwambie ainuke. Ukirudi, utatukuta hapa.